Waini ya 15,000 na waini ya 95,000: tulizifunika lebo tukaonja, hapa hapa Mtwara

Korosho zikishalipwa tu hapa kwetu sherehe zinaanza, na simu yangu haitulii. Dada naomba unisaidie, tuweke waini gani meza ya wakwe, hela yenyewe ndogo ila hatutaki aibu. Nimehudumia vinywaji hotelini hapa Mtwara miaka sita na sasa nina grosari yangu ndogo Chikongola, kwahiyo watu wanaona mi ndo wa kuulizwa. Swali ni lile lile, je waini nyekundu ya bei rahisi inaweza kukaa meza moja na ya bei kubwa watu wasiione tofauti? Nimeshalijibu mara nyingi kwa mdomo, leo naliandika lote mana lina mambo mengi na hela za watu zinapotea bure.

Ilianzia kwenye send-off ya mdogo wangu. Mwenyekiti wa kamati alikua mjomba, na mjomba alishaenda mjini akaona waini ya Ufaransa ya shilingi 95,000 akaipenda, akataka chupa 12. Piga hesabu, ni 1,140,000 kwa meza moja, na hapo mapambo hayajalipwa na mpishi anadai advansi. Nikamwambia mjomba shikamoo, naomba tusibishane, tufunike chupa tuonje, ile ambayo midomo yetu itaichagua ndo tununue. Akakubali, mjomba ni mtu muungwana.

Tulikaa barazani kwa dada yangu Shangani Jumamosi jioni, watu 7. Mjomba, shemeji, wifi, jirani yetu mwalimu, marafiki wawili na mimi. Nikaleta chupa 5 zote nyekundu: drai (yaani isiyo tamu) ya Dodoma ya 15,000, tamu ya Afrika Kusini ya 22,000, drai ya Afrika Kusini ya 32,000 ya zabibu zinazoitwa Pinotage, ya Chile ya 45,000, na ile ya Ufaransa ya 95,000 ambayo mjomba alishanunua moja. Kila chupa tukaizungushia gazeti mpaka shingoni tukaifunga na raba bendi na kuiandika namba. Aliyezifunga na kumimina ni mume wa dada, hayumo kwenye wale 7 mana hanywi kabisa, hata mi mwenyewe sikujua ipi ni ipi.

Hapa nitakaa kidogo, kwasababu wengi wakijaribu hili nyumbani wanaliharibu. Kwanza kila mtu aandike maksi zake kimya kimya kabla hajafungua mdomo. Kwetu mkubwa akishasema hii nzuri nani atambishia? Mtaitikia tu, mkimaliza mmepata jibu la mjomba na sio jibu la watu 7. Pili glasi ziwe za aina moja, na mimina kidogo tu, theluthi ya glasi inatosha. Tatu msile pilipili kabla, wala ming'oko (viazi pori vya huku kwetu) ya pilipili wala pweza, kuwe na mkate mkavu na maji basi. Na la nne ambalo mi naliona la muhimu kuliko yote, chupa moja irudishwe mara mbili kwa namba tofauti bila kuwaambia watu. Hii sikuitoa kichwani mwangu, kuna mtengeneza waini wa California anaitwa Robert Hodgson aliyewajaribu majaji wa mashindano ya waini ya huko kwao, aliwapa waini ile ile mara tatu kwenye mzunguko mmoja, akatoa majibu mwaka 2008, na karibu jaji mmoja tu kati ya kumi ndo aliyeweza kuipa waini ile ile daraja lile lile. Hao ni majaji. Kwahiyo sisi tulionja glasi 6, ya Dodoma ilipita namba 1 na ikarudi namba 6.

Maksi zilikua juu ya 10, watu 7, jumla 70. Pinotage ya 32,000 ilipata 51. Dodoma mara ya kwanza 47 na iliporudi ikapata 39, waini ile ile jamani, chupa ile ile. Chile 45, tamu ya Afrika Kusini 44. Ya Ufaransa ya 95,000 ikapata 33, ya mwisho.

Angalieni hapo kwenye Dodoma. Tofauti ya maksi 8 kwa chupa moja, maana yake zile zilizopishana kwa maksi mbili tatu huwezi kusema hii imeishinda ile. Kitu pekee nilichoweza kumwambia mjomba kwa uhakika ni kwamba ile ya 95,000 haikutupa kitu chochote jioni ile ambacho zile nyingine hazikutupa.

Magazeti yakatolewa, mjomba akaona kwamba ile aliyoipa 4 ndo ile yake. Akasema ngojeni nionje tena. Akaonja, akatulia, akasema sasa naisikia utamu wake. Watu wakataka kucheka nikawakataza, kwasababu mjomba hakua anadanganya. Kuna utafiti wa mwaka 2008 pia, watu waliwekwa kwenye mashine ya kupima ubongo wakanyweshwa waini wakitajiwa bei, na waini moja ilitajwa mara moja kama ya dola 10 na mara nyingine kama ya dola 90. Walisema ya dola 90 ni tamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikafanya kazi zaidi kweli. Yaani bei inaingia mdomoni, mtu anausikia utamu kabisa. Ndo mana mi nasema kama unanunua ya sherehe usiionje huku unaiangalia lebo, hutapata jibu hata ukiwa mkweli kiasi gani.

Na hili sio la Mtwara tu. Tarehe 24 Mei 1976 huko Paris muuza waini mmoja Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakalisha majaji wa Kifaransa waonje waini za kwao na za California bila kuona lebo. Kwa waini nyekundu ikaongoza Stag's Leap ya mwaka 1973 kutoka California, ikaziacha zile za Bordeaux huko Ufaransa zenye majina makubwa kama Mouton-Rothschild. Wakati ule California ilikua haihesabiwi kabisa. Halafu kuna wachumi waliokusanya maonjo ya kufunika lebo zaidi ya 6,000, wakakuta watu wa kawaida waliipenda ya bei kubwa PUNGUFU kidogo kuliko ya bei rahisi, ila waliosomea waini wao walielekea kuipenda ya bei kubwa. Hilo la mwisho watu hawapendi kulisema lakini ni kweli na ni haki kulisema.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwasababu ningeishia hapo ningekua nimewadanganya.

Baada ya wageni kuondoka nikaichukua ile chupa ya 95,000 nikaikagua kwa tochi ya simu. Kizibo kilikua kimejisukuma juu kidogo, na chini ya ile foili ya shingoni kuna michirizi imekauka, waini ilishawahi kuvuja. Rangi kwenye glasi ilikua inaelekea kahawia. Nikainusa tena, inanukia kama matunda yaliyochemshwa. Nikakumbuka mjomba aliinunua duka gani (sitalitaja), zile chupa zimesimamishwa rafu ya juu kabisa chini ya bati, na mwaka kwenye lebo unaonyesha ilishakaa muda mrefu. Sisi tunajua joto la Mtwara la mwezi wa kwanza na wa pili likoje. Waini hiyo ilishapikwa.

Mwezi uliofuata rafiki yangu akawa anatoka Dar nikamuomba anichukulie ile ile, jina lile lile, kwenye duka lenye kiyoyozi, aisafirishe kwenye boksi la barafu maana ni kilomita zaidi ya 500 na ukiiweka kwenye buti la basi hujafanya kitu. Tukafunika tena, watu 4, tukaiweka na Pinotage na Dodoma. Safari hii watu 3 kati ya 4 waliichagua namba moja na mimi nikiwa mmojawapo. Ilikua waini nzuri sana, ladha inabaki mdomoni muda mrefu ukishameza, na ilikua inabadilika kila ukiirudia. Je ilikua nzuri mara sita ya Dodoma? Kwangu hapana. Ila ilikua nzuri.

Kwahiyo jibu langu kwa watu wa Mtwara na Lindi na wote wa pwani ni tofauti kidogo na la mtu wa Arusha kwenye baridi. Huku kwetu waini ya bei rahisi inaishinda ya bei kubwa mara nyingi kwasababu inatoka haraka. Chupa ya 15,000 inaingia dukani wiki hii na wiki ijayo imeshanywewa, ya 95,000 inamsubiri mnunuzi mwaka mzima, miaka miwili, inaungua polepole. Watu wanaokunywa uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, wanalijua hili bila kufundishwa, uraka wa leo sio wa juzi, na hakuna anayenunua uraka kwa kuangalia chombo, unaonja kwanza.

Bei nayo mjue inatengenezwa na nini. Waini inayokaa kwenye mapipa ya mbao ni ghali kwasababu pipa lenyewe ni ghali na la lita 225 linatoa chupa 300 tu hivi, hapo unalipia kitu kinachoonjeka. Lakini sehemu nyingine ni usafiri, jina, na kodi, mfano kwa hapa Tanzania waini iliyotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 inatozwa ushuru mdogo kuliko ya nje. Kwahiyo ya Dodoma kuwa rahisi haimaanishi imetengenezwa vibaya. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na wana zabibu yao nyekundu inaitwa Makutupora, mi naipenda kwa roho yangu yote na inaniuma mtu akiiweka pembeni bila kuionja.

Kingine, watu wananiambia dada waini drai ni chungu. Sio uchungu ule, ni ukakasi. Aliyekula bibo anaujua, ule mshiko kwenye ulimi na fizi mdomo unakauka. Kwenye waini nyekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mbao za pipa pia. Waini nyingi za bei kubwa zinatengenezwa zikae miaka ili ukakasi ulainike, ukiifungua changa inakubana mdomo kuliko ya 15,000. Na ukakasi unapenda nyama yenye mafuta, mbuzi wa kuchoma, hapo inalainika yenyewe. Ukiinywa na pweza wa pilipili inakua kali inawaka mdomo mzima. Kwa vyakula vyetu vya pwani, nyepesi ya bei rahisi inakaa vizuri zaidi, hii ni kwa midomo mingi niliyoihudumia.

Ukienda dukani angalia mwaka kwenye lebo, kwa ya bei rahisi chukua ya karibuni. Kizibo kiwe sawa na mdomo wa chupa, shingo iwe kavu. Yenye kifuniko cha kuzungusha usiidharau, kwa joto letu mi naiamini zaidi. Usichukue iliyokaa dirishani kwenye jua hata wakupunguzie bei. Nyumbani ilaze chini sakafuni chumba chenye giza.

Na jamani, FRIJI. Wanaosema waini nyekundu inywewe ya joto la chumba wanasema vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Chumba cha Mtwara kina nyuzi 30. Kwa joto hilo pombe inapanda puani, unasikia ukali tu, na hapo ya 95,000 na ya 15,000 zote zinakua kitu kimoja. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, isizidi sana mana ikiwa baridi kabisa ukakasi unaongezeka na harufu inapotea. Umeme umekatika? Ndoo yenye maji na barafu, dakika 15.

Send-off tulinunua chupa 14, nusu Pinotage nusu Dodoma, hazikufika hata 350,000, tukazilaza chumbani kwa mama wiki nzima na siku yenyewe tukazitoa kwenye ndoo za barafu moja moja. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alimaliza glasi yake, akaichukua chupa, akaisogeza karibu na macho asome. Ya Dodoma hii? Nikamwambia ndiyo baba. Akaniomba nimfungie moja aende nayo Newala.