Presha inapanda, lakini haitoshi: turbo inaponyimwa petroli

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la spoti lenye injini ya turbo ya lita 2.0. Nozeli zinapulizia kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na ipo hozi ya kurudisha petroli tankini. Miezi minne iliyopita nilibadilishiwa pampu ya mafuta. Wiki chache baadaye gari likaanza kuishiwa nguvu: gia ya tatu, nikikanyaga mpaka mwisho, kuanzia mizunguko 4,500 hivi linasitasita. Asubuhi starta inazunguka sana kabla halijawaka, ila nikifungua swichi mara tatu kwanza bila kupiga starta, linawaka papo hapo. Tulifunga geji ya presha ya petroli. Injini ikiwa imetulia inasoma bar 2.4. Busti, yaani presha ya hewa ya turbo, ikifika bar 1 geji inapanda hadi 3.6, halafu inashuka taratibu mpaka 3.0. Nikizima, ndani ya dakika mbili imefika sifuri. Fundi anayenihudumia anasema presha haijapotea kwa sababu 3.0 ni kubwa kuliko 2.4, hivyo ninunue nozeli mpya zote nne. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue, na usilikanyage tena mpaka jambo hili liishe. Vipimo mlivyochukua ni vizuri sana. Kasoro iko kwenye namna mlivyovisoma.

Kwenye injini ya turbo, presha ya petroli haisomwi peke yake. Nozeli inapulizia ndani ya manifoldi, na manifoldi nayo ina presha yake. Injini ikiwa imetulia, manifoldi inavuta, kwa hiyo petroli inatoka kwa urahisi. Turbo ikijaza, hewa inaisukuma petroli irudi ilikotoka. Ndiyo maana regyuleta, kifaa kinachopanga presha ya petroli, ina kahozi kembamba kanakotoka kwenye manifoldi: kila bar 1 ya busti inayoingia, regyuleta inatakiwa iongeze bar 1 ya petroli, ili tofauti kati ya pande mbili za nozeli ibaki ileile. Kwa mfumo kama wako tofauti hiyo kwa kawaida ni bar 3, yaani PSI 43 na kidogo. Ukiwa umetulia, toa mvuto wa karibu bar 0.6, unapata 2.4. Hapo uko sawasawa kabisa. Kwenye busti ya bar 1 ulipaswa kuona 4.0. Ukiona 3.0, nozeli inasukumwa na bar 2 tu badala ya 3.

Hasara yake ni hii. Petroli inayopita kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo ya presha, kwa hiyo kutoka 3 kwenda 2 unapoteza karibu asilimia 18 ya petroli. Kama injini ilipangiwa sehemu 11.5 za hewa kwa 1 ya petroli wakati wa busti, sasa inapata takriban 14 kwa 1. Mchanganyiko huo unaifaa injini inayotembea polepole. Chini ya busti nzito unaleta joto kali na mlipuko usio wa wakati wake, na pistoni ndiyo inayolipa. Kompyuta ya gari haitakuokoa pia, kwa sababu ukikanyaga mwisho magari mengi huacha kufuata sensa ya oksijeni na kutumia jedwali lililokwisha pangwa, likiamini presha ipo.

Sasa tutafute inapopotelea. Dalili zako zinasema mengi kabla ya spana kuguswa.

Regyuleta siishuku sana. Kahozi kake kangekuwa kamechomoka, ungeona 3.0 hata injini ikiwa imetulia. Kangekuwa kamepasuka na kufunguka pale busti inapoingia tu (hilo hutokea, maana mvuto hukakaza na busti hukapanua), geji ingesimama karibu na 3.0 tangu mwanzo. Wewe inapanda hadi 3.6 kwanza. Maana yake regyuleta imepata habari na imejaribu kuziba njia ya kurudi, ila nyuma yake petroli haitoshi. Hata hivyo kachomoe ukanuse: kakiwa na petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimetoboka.

Nozeli nazo siziamini kuwa ndizo. Nozeli inayovuja usiku hujaza petroli kwenye silinda, na asubuhi gari huwaka kwa taabu likitoa harufu na moshi mweusi. Kufungua swichi mara tatu kungezidisha mafuriko hayo. Kwako kunasaidia, kwa hiyo njia ya petroli ilikuwa tupu na pampu inaijaza.

Kinachobaki ni tankini, na hapo ndipo nilipo. Kuna kipande kifupi cha hozi ndani ya tanki kinachounganisha pampu na bomba la kutokea. Kikiwa na ufa, au klempu yake ikilegea, petroli inarudi ndani ya tanki palepale bila kudondoka nje wala kunuka. Kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyovuja zaidi, na ukizima, presha yote inapitia hapohapo. Kosa moja, dalili zote mbili. Tena lilianza wiki chache baada ya pampu kubadilishwa! Hozi ya petroli ya kawaida imetengenezwa kugusa petroli kwa ndani tu. Ukiizamisha tankini huvimba, hulainika na kupasuka. Inayotakiwa ni ya kuzamishwa, imeandikwa SAE 30R10 ubavuni. Nimefungua matanki mengi na kukuta kipande cha hozi ya kawaida kimefungwa kwa haraka, na huwa naumia, maana ni kipande kisichofika hata urefu wa kiganja.

Kabla ya kufungua tanki, thibitisha. Washa, zima, na mara hiyohiyo bana hozi ya mpira inayopeleka petroli mbele, kwa kibanio laini. Usibane plastiki ngumu wala mpira uliozeeka. Geji ikisimama, uvujaji uko upande wa tanki: hozi ile, au vali ya pampu ya kuzuia petroli isirudi. Isiposimama, rudia kwa kubana hozi ya kurudishia. Ikisimama sasa, ni regyuleta. Zote mbili zikishindwa ndipo nitakubali tuzungumzie nozeli.

Pima na umeme, kwenye plagi ya pampu yenyewe, injini ikiunguruma. Betri ikisoma volti 14 na pampu ikapata 12.5, hata pampu mpya kabisa haitaleta petroli ya kutosha. Mimi sikubali upungufu uzidi volti 0.5, waya wa ethi ukiwemo. Angalizo: yako magari, Toyota Supra yenye 2JZ-GTE likiwa mojawapo, ambayo kwa makusudi huipa pampu volti chache injini ikiwa imetulia. Kwa gari la namna hiyo kipimo cha maana ni cha wakati wa mzigo. Wakati fulani nililetewa gari lililobadilishwa pampu mara mbili, kumbe miguu ya rilei, swichi inayopeleka umeme kwenye pampu, ilikuwa imeungua.

Mwisho pima ujazo. Injini ikiwa imezimwa, endesha pampu moja kwa moja kupitia rilei, pampu ya mkono ikitia bar 1 kwenye regyuleta, na petroli inayorudi iingie kwenye chombo chenye alama. Injini ya nguvu za farasi 250 hutumia karibu lita 1.5 kwa dakika ikikanyagwa mwisho, hivyo mimi nataka angalau lita 1 katika sekunde 30. Fanyia nje, kizima moto kikiwa karibu. Na kama utapima barabarani, tafadhali geji ya petroli isiingie ndani ya gari. Ibandike nje ya kioo cha mbele.

Ukishaweka hozi sahihi, geji inatakiwa ifike 4.0 na ibaki hapo mpaka uachie mguu. Ila kabla ya jaribio hilo, toa plagi za cheche zote nne uziangalie kwa lenzi. Kauri ikiwa na vitone vidogo vya kung'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni. Hapo usiliwashe, pima kompresheni kwanza, kisha niandikie namba za kila silinda.