Kuhama bila kutoa notisi: hukumu ya mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, Sheikh. Nimepanga fleti ambayo kodi yake nailipa kila mwezi, na hatukuwekeana muda maalumu wa kukaa. Siku tatu kabla ya mwezi kwisha nilimwarifu mwenye nyumba kwamba nahama. Amesema nilipaswa kumpa notisi ya mwezi mzima, kwa hiyo hatanirudishia dhamana niliyoiweka nilipoingia, ambayo ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Karatasi tuliyotia saini haikutaja notisi hata kidogo. Je, nina deni kwake mbele ya Allah, au yeye ndiye anayenidhulumu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na swahaba zake.

Kupangisha nyumba ni katika mikataba ya ijara, yaani kukodisha manufaa ya kitu kwa malipo, na ijara kwa wanazuoni walio wengi ni mkataba unaowafunga wote wawili: hakuna anayeweza kuuvunja peke yake kabla ya muda wake kwisha. Allah anasema katika Surat Al-Maida, aya ya 1: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba." Ugumu wa suala lako ni kwamba mkataba wenu hauna mwisho uliotajwa, na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, katika madhehebu manne waliujadili upangaji wa namna hii karne nyingi kabla yetu.

Mashafi'i, katika kauli yao yenye nguvu zaidi, wanaona kwamba kusema "nimekupangisha kila mwezi kwa kiasi fulani" bila kutaja idadi ya miezi hakusihi, kwa sababu muda haujulikani. Aliyekwisha kukaa atalipa kodi ya nyumba mfano wa hiyo. Wamaliki wanausihisha, lakini kwao haumfungi yeyote isipokuwa kwa muda ambao kodi yake imekwisha kutangulizwa. Mahanbali nao wanausihisha na kusema kwamba kila mwezi unapoingia na mpangaji bado yumo, mwezi huo unawafunga wote wawili, na kila mmoja ana haki ya kujitoa unapokwisha. Kwa Mahanafi, mwezi wa kwanza ndio unaothibiti tangu mwanzo, na kila mwezi unaofuata unathibiti kwa kuingia kwake. Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala uliotolewa na dola ya Uthmaniya (Ottoman) kati ya mwaka 1869 na 1876, iliifuata njia hiyo katika kifungu cha 494: siku ya kwanza ya mwezi na usiku wake ndiyo nafasi ya kuvunja, na ikipita, mwezi huo umekwisha kuwafunga, na atakayetamka katikati ya mwezi kwamba amevunja, mkataba utakoma mwezi huo utakapokwisha.

Kwa rai hizi, mpangaji wa mwezi kwa mwezi aliyemwarifu mwenye nyumba kabla ya mwezi mpya kuingia, kisha akatoka, hana deni la mwezi huo mpya. Lakini jibu lako haliishii hapo, na naona ni muhimu usilichukue hilo peke yake ukamfuata nalo mwenye nyumba. Mtume, rehema na amani zimfikie, amesema: "Waislamu wako juu ya masharti yao," nao wanazuoni wakaweka kanuni kwamba jambo linalojulikana kwa desturi ni kama lililowekewa sharti. Sheria ya nchi ambayo wote wawili mlikuwa chini yake mlipotia saini, nayo inaingia mahali pa sharti, maadamu haihalalishi haramu. Katika nchi nyingi sheria inamtaka anayekatisha upangaji wa mwezi kwa mwezi atoe notisi ya mwezi mmoja au siku 30, mara nyingi kwa maandishi. Na baadhi ya sheria huihesabu notisi hadi mwisho wa kipindi kamili cha kodi, hivi kwamba inayotolewa katikati ya mwezi humalizikia mwisho wa mwezi unaofuata. Utaratibu huu una maslahi ya wazi: mwenye nyumba anapata nafasi ya kutafuta mpangaji mwingine, na familia haijikuti nje ghafla.

Basi tazama kwanza sheria ya mahali ulipo, na ikiwa imenyamaza, tazama desturi ya wapangaji wa hapo. Ikiwa mojawapo inataka notisi ya mwezi, siku zako tatu hazikutosha, na unadaiwa kodi mpaka muda wa notisi utimie au mpaka nyumba ipate mpangaji mwingine, lolote litakalotangulia. Nasisitiza hilo la pili, kwa sababu hapo ndipo dhulma nyingi inapopenya: mwenye nyumba aliyempangisha mtu mwingine kuanzia tarehe tano hana haki ya kuchukua kwako kodi ya siku ambazo mwingine anazilipia, kwani manufaa ya nyumba ni yale yale na hayauzwi mara mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa hakuna sheria wala desturi kama hiyo, humdai wala hakudai kwa upande wa kodi, na dhamana yako ni haki yako.

Dhamana ni mali yako iliyoko mikononi mwake. Anaruhusiwa kukata humo kodi isiyolipwa na gharama ya kilichoharibika kwa uzembe wako, kisha akurudishie iliyobaki. Kuizuia yote kama adhabu, bila kuonyesha hesabu, ni kula mali ya mtu kwa batili. Naye Mtume amesema kwamba kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo ni dhulma.

Mwenye nyumba anafungwa na yale yale. Hana ruhusa kumwambia mpangaji atoke kesho, wala kubadilisha kufuli, wala kukata maji ili amchoshe. Kama wewe ulitakiwa kumpa mwezi, naye angetakiwa kukupa usiopungua huo, na katika baadhi ya nchi sheria inamtaka mwenye nyumba atoe muda mrefu zaidi.

Nakushauri umwandikie leo, utaje tarehe uliyomwarifu na tarehe uliyokabidhi funguo, umwombe hesabu ya dhamana kwa maandishi, na umuulize kama nyumba imepata mtu. Kumwarifu mlinzi au jirani hakutoshi. Habari lazima imfikie yeye au wakala wake. Kisha mwombe akusamehe siku zilizobaki, ukimkumbusha hadithi ya Mtume kwamba anayemkubalia Muislamu kurudi nyuma katika mauziano, Allah atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Akikataa, na sheria iko upande wake, mlipe. Akikataa, na sheria iko upande wako, hakuna ubaya kumpeleka kwenye baraza la upangaji au mahakamani.

Wallahu a'lam.