Wasomaji Wanauliza: Uzio wa Ikulu ya Marekani

SWALI: Mhariri, kuna mzee hapa mtaani anasisitiza kuwa zamani mtu yeyote angeweza kuingia bustani ya White House akatembea. Ni kweli? Basi uzio ulikuwa wa nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Mzee yuko sahihi. Mchana mageti yalikuwa wazi na watu wakipita bustanini. Yalifungwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Rais Harding akayafungua tena mwaka 1921, yakafungwa moja kwa moja baada ya Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, kushambuliwa Desemba 1941. Uzio wa mwanzo ulikuwa wa kuonyesha mpaka tu: enzi za Thomas Jefferson zilikuwa nguzo na fito za mbao, kisha ukaja ukuta wa mawe. Vyuma vilifika upande wa kaskazini mwaka 1818 na 1819, chini ya Rais Monroe, jengo lilipokuwa limekwisha kukarabatiwa baada ya Waingereza kulichoma moto mwaka 1814.

SWALI: Walinzi wote wale, na bado mtu aliruka uzio akaingia hadi ndani mwaka 2014! Tatizo lilikuwa uzio au walinzi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Vyote viwili, ila tuanze na uzio. Uliokuwapo wakati huo, wa mwaka 1965, ulikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 6, yaani takriban mita 2. Kijana mwenye afya hushika chuma cha juu, akajivuta, akavuka. Uzio hauzuii mtu. Humchelewesha, na thamani yake ni zile sekunde unazompa mlinzi. Tarehe 19 Septemba 2014 Omar Gonzalez alivuka upande wa kaskazini, akakatisha nyasi mbio, akakuta mlango mkuu haujafungwa, akampita mlinzi wa mlangoni na kufika Ukumbi wa Mashariki akiwa na kisu mfukoni. Sekunde zilikuwa chache, na hata hizo chache hazikutumika.

Julai 2015 waliongeza ncha kali juu ya vyuma vilevile. Ilikuwa dawa ya muda. Ujenzi wa uzio mpya ulianza Julai 2019: futi 13 na inchi 1, kama mita 4, vyuma vinene zaidi, kwa umbali unaozidi kilomita moja. Mchoro wake ulipitia kwanza tume za mipango na sanaa za Washington, kwa sababu jengo lilitakiwa liendelee kuonekana vizuri kutoka barabarani.

Magari ni hesabu nyingine kabisa. Siku ya Krismasi 1974 mtu alivunja geti kwa gari, na mwaka 1976 yakawekwa mageti ya chuma kilichoimarishwa. Mlipuko nao hauzuiliwi na vyuma, unapunguzwa na umbali. Ndiyo maana Pennsylvania Avenue mbele ya Ikulu ilifungwa kwa magari Mei 1995, mwezi mmoja baada ya bomu la Oklahoma City. Sisi tulilijua hilo kwa uchungu Agosti 1998: ubalozi wa Marekani Nairobi ulikuwa karibu mno na barabara. Sheria iliyofuata iliagiza balozi zao mpya zikae angalau futi 100, kama mita 30, kutoka ukingo wa kiwanja.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nasikia mtoto mdogo alipenya uzio huo mpya. Niache nafasi gani nikitengeneza uzio wa nyumba?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Alipenya kweli, Aprili 2023, walinzi wakamrudisha kwa wazazi wake. Nafasi kati ya vyuma ni sentimita 14, pana kuliko ya uzio wa zamani. Kwa nyumba yenye watoto usizidi sentimita 10, na pima uwazi wenyewe, si katikati ya chuma hadi katikati ya kingine.

Tuseme kati ya nguzo mbili una mita 2 na unatumia nondo za milimita 16. Nondo 16 zitakuachia uwazi wa milimita 103, umeshazidi. Weka 17: 17 mara 16 ni 272; toa kwenye 2000, zinabaki 1728; gawa kwa 18, kwa kuwa nafasi huzidi nondo kwa moja. Unapata milimita 96. Wengi hukosea hapo kwenye 18.

Usitumie nondo nyembamba kwa uzio mrefu. Zinapanuliwa kwa mikono na hesabu yako yote inapotea. Wengine huziba udhaifu huo kwa kuongeza chuma cha kulala katikati, nacho kinageuka ngazi. Vyuma vya kulala viwe viwili tu, kimoja chini kabisa na kimoja juu, upande wa ndani. Zege la shina la nguzo liinue juu kidogo ya udongo na ulilaze pande zote maji yatiririke, maana kutu huanzia pale chuma kinapoingia zegeni.