Siku moja Eyam: anzia kwenye jiwe la mpakani

Dada, umeuliza uanzie wapi ukiwa na siku moja tu Eyam, kile kijiji cha Derbyshire, Uingereza. Usikimbilie kanisani. Tembea kwanza hadi jiwe la mpakani, utie kidole kwenye vile vitundu: humo wanakijiji, wakati wa tauni, waliacha sarafu ndani ya siki, waliyoamini inaua ugonjwa, wapate chakula kutoka kwa majirani. Tauni iliingia mwaka 1665. Mwaka uliofuata mchungaji Mompesson akawaomba wajifungie, wasiambukize wengine. Walikufa watu wapatao 260.

Kisha makaburi ya Riley, nje ya kijiji. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane, kwa mikono yake. Pale utanyamaza tu.

Kanisani mwishoni, uone msalaba wa kale wa Wasaksoni, watu wa Uingereza ya zamani. Vaa viatu vigumu, mvua ikinyesha kuna matope.