Morogoro au Kabete? Na maswali mengine ya wenye barua mbili mkononi

Msimu wa udahili simu yangu haipoi. Wanaouliza dawa ya mbuzi anayeharisha wanapungua, wanaongezeka wanaouliza chuo. Nimechukua maswali sita, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha. Mjue tu tangu mwanzo kwamba mimi ni daktari wa mifugo niliyesoma Morogoro, kwa hiyo upendeleo wangu hauna siri.

*Daktari, shikamoo. Nimedahiliwa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro) kusomea udaktari wa mifugo, na pia nimepata barua ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kozi ileile. Nina mjomba Nairobi, anasema nitakaa kwake. Rafiki zangu wanasema aliyesoma nje anapata kazi haraka. Niende wapi? (Kijana, Kahama)*

Marahaba, kijana wangu. Hivi vyuo ni ndugu. Kabete ilitangulia, na wengi wa wazee walionifundisha mimi walisomea huko, kwa sababu hapa kwetu mafunzo haya yalianza mwaka 1976 tukiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SUA yenyewe ikasimama 1984. Kote ni miaka mitano, kote utakesha na mifupa ya ng'ombe, na kote nguo zako zitanuka fomalini mpaka mama akufukuze jikoni. Huyo rafiki anayesema wa nje wanapata kazi haraka, muulize ni mwajiri gani wa Tanzania aliyemwambia.

Tuanze na pesa. Morogoro unaweza kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya serikali. Ukishavuka mpaka pale Namanga, ada ni mfuko wa mzazi. Waandikie Kabete uwaulize: raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anatozwa ada ya Mkenya au ya mgeni? Wakujibu kwa maandishi, jibu la kwenye simu halina mwenyewe. Kuhusu mjomba, mshukuru sana, lakini miaka mitano ni mirefu mno kwenye sebule ya mtu, hasa siku utakayorudi saa nne usiku ukinuka ng'ombe.

Halafu karatasi. Kabla ya kuondoka, fuatilia barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ukirudi, shahada yako itambuliwe na TCU, kisha uende Baraza la Veterinari ukasajiliwe, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya 2003. Bila usajili hufanyi kazi ya udaktari, hata cheti chako kiwe kimeandikwa kwa dhahabu. Rafiki yangu mmoja alirudi na shahada safi kutoka nchi ya mbali, akakaa miezi akisubiri karatasi moja ya matokeo ambayo chuo chake kilikawia kuituma. Muda wote huo alikuwa akipima pumba na mashudu dukani kwa shemeji yake.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko hayo yote: mikono. Mwaka wa nne tulipelekwa kwa mfugaji mmoja nje ya mji kupima mimba. Unavaa glovu ya plastiki inayofika begani, unaipaka sabuni, unaingiza mkono nyuma ya ng'ombe mpaka kiwiko kinapotea. Ndani kuna joto, huoni kitu, na ng'ombe anakubana hadi vidole vinakufa ganzi. Nikagusa kitu cha mviringo, laini, kama puto lenye maji. Nikatangaza kwa sauti ya msomi: mimba, miezi mitatu! Ng'ombe akakojoa. Nilikuwa nimeshika kibofu. Mzee mwenye ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Ilinichukua ng'ombe kama hamsini wengine kufika pale ambapo mkono unajua wenyewe kilichopo mbele yake, na wale hamsini hawamo kwenye kitabu chochote.

Kwa hiyo usimuulize mkuu wa idara chuo kikoje. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tano, Morogoro na Kabete kote, umuulize: umepima mimba ng'ombe wangapi kwa mkono wako? Ng'ombe mmoja mnamzunguka wanafunzi wangapi? Gari la kliniki linatoka kwenda kwa wafugaji mara ngapi kwa wiki? Hilo la gari ulikazie. Nimeshaona gari zuri la kliniki, la msaada, limekaa juu ya matofali na kuku wanatagia chini yake.

Kama majibu yao yanakaribiana, wewe wa Kahama nenda Morogoro. Wateja wako watakuwa wafugaji wa Usukuma, na wenzako wa darasani ndio utakaowapigia simu kesho ukikwama Shinyanga au Geita. Lakini Kabete wakikupa ufadhili kamili wa ada na chakula, funga begi. Nairobi utaona mbwa na paka wengi kuliko utakaowaona Morogoro, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ipo jirani, na chanjo ya ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe) ambayo wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanawachanjia ndama wao ilitokana na kazi iliyofanyika Muguga, si mbali na hapo.

*Mwanangu amepata udaktari wa binadamu chuo kimoja, na udaktari wa mifugo SUA. Yeye moyo wake uko kwenye mifugo. Baba yake anasema hakuuza mashamba ili mtoto awe daktari wa mbwa. Nifanyeje? (Mama, Dodoma)*

Mama, mkumbushe baba mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, Dodoma ndiyo iliumia sana. Watu waliugua, wengine walikufa, na ugonjwa ule ulitoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Anayeujua ukiwa bado zizini, kabla haujafika wodini, ni huyo daktari wa mbwa. Kimeta ni hivyohivyo, na kichaa cha mbwa pia.

Mtoto akisomea asichokipenda kwa miaka mitano, mtamlipia mara mbili. Ila asilale: mwenye udahili zaidi ya mmoja hapa nchini lazima athibitishe mmoja kwa ile namba ya siri anayotumiwa, ndani ya muda. Nyinyi mkiwa bado mnagombana sebuleni, nafasi inakwenda kwa mwingine.

*Daktari, habari. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, wamenipeleka Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Nilikuwa nataka Nairobi, na naweza kuomba uhamisho dirisha likifunguliwa. Kuna tofauti gani? Nisije nikajutia. (Msomaji, Kakamega)*

Njema. Shahada ni moja, na anayekusajili mwishoni ni yuleyule, Kenya Veterinary Board. Tofauti iko nje ya lango. Njoro, huko Nakuru, ni nchi ya mashamba, na Egerton yenyewe ilianza 1939 kama shule ya kilimo, kwa hiyo ukitoka tu nje kuna ng'ombe wa maziwa. Kabete iko mlangoni mwa jiji: wanyama wa nyumbani, kuku wa biashara, maabara nyingi, na kodi ya nyumba ya jiji.

Wewe hukuniambia unataka kufanya kazi gani, na hapo ndipo jibu lilipo. Ukirudi Kakamega kutibu ng'ombe wa mama mwenye robo eka, wale wawili watatu waliofungwa chini ya mgomba, Njoro inakufaa kabisa na wala sioni sababu ya kuhangaikia uhamisho. Ukiota kliniki ya paka na mbwa pale Westlands, Nairobi, omba uhamisho. Na ukikataliwa usilie, mbwa wa Nakuru nao wanaugua.

*Nina udahili wa Mweka na wa SUA. Ndoto yangu ni kutibu tembo na faru. Wote wananiambia Mweka ndiko kwenye wanyamapori. (Binti, Moshi)*

Binti, wote hao wamekosea kidogo tu, ila hilo kosa litakugharimu ndoto nzima. Chuo cha Mweka, hapo juu yenu mlimani, tangu 1963 kinafundisha usimamizi wa wanyamapori: doria, sensa, mipango ya hifadhi, utalii. Kazi nzuri na ngumu. Lakini haitoi madaktari. Siku tembo ana mtego wa waya mguuni, mhitimu wa Mweka ndiye atakayempata na kumzunguka na gari, kisha atapiga simu kumwita daktari.

Dawa yenyewe ya kumlaza tembo inaitwa etofini. Ina nguvu maelfu ya mara kuliko mofini, na tone likiingia kwenye mkwaruzo wa mkono wako linaweza kukuua. Ndiyo maana anayejaza ule mshale anavaa glovu, hayuko peke yake, na dawa ya kuizima iko tayari kabla kifuniko hakijafunguliwa. Hiyo kazi haipewi mtu kwa sababu anapenda wanyama. Anapewa daktari aliyesajiliwa.

Nenda SUA. Miaka ya mwanzo utakuwa unatibu mbuzi na nguruwe na utajiuliza tembo wako wapi. Vumilia. Likizo, omba kujitolea kwenye hifadhi, Mikumi haiko mbali na Morogoro. Na usipite chuoni bila kuwaona panya buku wa shirika la APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mimi nimewaona mara nyingi na bado nikipita nasimama.

*Nipo Columbus, Ohio, nililetwa hapa nikiwa mdogo. Nina nafasi Ohio State na nyingine Tuskegee. Ohio State ni nafuu kwangu kwa kuwa ni mkazi wa jimbo. Tuskegee nilipotembelea nilijisikia nyumbani. Nikimaliza nataka siku moja nifanye kazi Afrika Mashariki. (Msomaji, Marekani)*

Nakuelewa sana hapo kwenye kujisikia nyumbani. Tuskegee walianza kufundisha udaktari wa mifugo miaka ya 1940, wakati milango mingi ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi, na madaktari wa mifugo weusi wengi wa nchi hiyo wametokea pale Alabama. Historia hiyo ina uzito, na kuwa na walimu wanaofanana nawe kwa miaka minne kuna uzito pia.

Lakini kabla hatujaongea moyo, tuongee deni. Angalia kwanza kwenye orodha ya AVMA, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, hali ya ithibati ya kila chuo kwa sasa. Kote utafanya mtihani uleule wa leseni, NAVLE, na mfugaji hakuulizi ulisomea jimbo gani. Tuskegee ni chuo binafsi, ule unafuu wa mkazi wa jimbo haupo. Na mikopo ya serikali kuu imebadilika: kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, kozi kama yako ina kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Zamani ungeweza kuziba pengo lote kwa mkopo wa serikali, sasa kinachozidi utakitafuta benki, kwa riba ya benki. Kaa chini na karatasi: ada, kodi, chakula na bima ya afya, kila chuo na safu yake, zidisha kwa minne.

Ukitaka kufanya kazi huku, fanya hesabu hiyo mara mbili, maana utalipwa shilingi na deni lako litabaki dola. Kwa ajili hiyo tu ningekwenda Ohio State, isipokuwa Tuskegee wakupe ufadhili unaofuta tofauti. Waombe! Waandikie waziwazi kwamba una nafasi nyingine ya bei nafuu. Wamezoea barua za namna hiyo. Ila usivuke tarehe 15 Aprili hujajibu.

Nyongeza kwa walioko huku wanaowaza safari ya kinyume: SUA, Kabete na Makerere hazimo kwenye orodha hiyo ya AVMA. Mhitimu wetu akitaka leseni Marekani anapitia mitihani ya waliosomea nje, ECFVG au PAVE, na inakula muda na pesa. Inawezekana, nawajua walioweza, lakini mjue mapema.

*Ufaulu wangu haukutosha shahada. Nimepata stashahada ya afya ya mifugo kwenye chuo cha mifugo cha serikali, LITA Tengeru, na nyingine LITA Mpwapwa. Naona aibu kuuliza, ila ipi ni bora? (Kijana, Babati)*

Aibu ya nini? Nenda kijiji chochote uulize nani alikuja usiku ndama alipokwama. Watakutajia bwana mifugo mwenye stashahada, daktari mwenye shahada yuko wilayani kwenye kikao.

Tengeru, chini ya Mlima Meru, ni ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani, majani ya kukata, uhamilishaji. Mpwapwa ni nchi kavu: mbuzi, ng'ombe wa asili, malisho ya shida, na ndiko alikotokea ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Babati una yote mawili, wafugaji wa kuhama huku na wa zizini kule, kwa hiyo angalia kwenu wanafuga nini. Kama ni maziwa, Tengeru, na nauli pia ni ndogo. Ukifaulu vizuri, stashahada hiyo ni njia ya kuombea SUA baadaye. Nilisoma darasa moja na wawili waliopita huko, na kwenye kushika ng'ombe walituacha mbali.

Gambuti nunua Babati kabla ya kuripoti. Karibu na chuo saizi za kawaida huisha wiki ya kwanza, utabakiwa na namba kumi na mbili.