Jino moja ilitoka, sasa wanataka kusaga mbili nzima?

SWALI: Jambo dokta. Niko mama wa miaka 34, naishi Ndosho hapa Goma. Mwaka jana mpini ya chukudu, ile ya mbao ya kubebea mizigo, ilinipiga ku mdomo, jino moja ya juu, ile inafuata zile mbili kubwa za mbele, ikavunjika mpaka ku mzizi, wakaitoa. Sasa kabine moja ya meno inasema itaniwekea bridji lakini lazima wasage meno mawili ya pembeni, na yale meno ni mazima kabisa, hayajaniuma hata siku moja. Dada yangu anasema kuko mtu anabandika jino na kola siku ileile, bei kidogo. Bwana yangu naye anasema niache, pengo haiue mtu. Nifanye nini? Nikicheka naweka mkono ku mdomo.

JIBU: Mama, huyo wa kola umuache kabisa. Kazi zao zinatufikia sisi kisha: wanamwaga ile rezini mpaka juu ya fizi, inashikana na meno ya pembeni, brosi haipiti, chini kunaoza, fizi inavimba, na ile ilikuwa pengo moja inakuwa matatu. Hiyo ndiyo bei kidogo yenyewe.

Kabine haikukudanganya. Bridji ya kawaida iko hivyo: sindano ya ganzi, wanasaga meno mawili ya pembeni yanabaki madogo, wanachukua umbo ya mdomo na pasta, wanakupa ya muda unatembea nayo wakati laboratwari inatengeneza, kisha wanabandika kitu kimoja ya meno matatu yameshikana, ya katikati ndiyo ya uongo, zile mbili ni kofia tu. Ikifanywa vizuri inaweza kukaa miaka 10 ao 15, hata zaidi. Lakini ile ganda ngumu ya jino ukishaisaga hairudi tena, na mara nyingine mshipa wa jino iliyosagwa unakufa miaka kisha, unarudi na maumivu kutibu mzizi. Ndiyo maana mgonjwa akinionyesha pengo mimi naangalia kwanza majirani. Kama yalishatobolewa, yana plombaji kubwa (ile wanazibia tundu ya jino), yamevunjika, basi yalikuwa yanahitaji kofia hata hivyo, na bridji hapo ni kazi nzuri sana. Yako ni mazima. Mimi nisingeyagusa.

Rudi uwaulize bridji ya kubandika: jino moja ya uongo yenye bawa ndogo nyuma, na hiyo bawa inabandikwa ku mgongo wa jino ya jirani, wanasaga kidogo sana ao hawasagi kabisa. Kwa jino ya mbele kama yako, ambayo haitafuni kwa nguvu, inafaa, na mara nyingi bawa ya upande moja inatosha. Ubaya wake inaweza kubanduka, sasa ikibanduka iweke vizuri ku karatasi uwapelekee, usijibandikie na kola ya viatu (nimeshaona!). Na kama meno yako yana yale madoa ya kahawia ambayo wengi huku karibu na volkano wanayo, juu maji ya fasi nyingi za Virunga yana floridi nyingi, sema mapema, gundi inashika vibaya juu ya jino ya namna hiyo, na jino jeupe pee katikati ya meno ya kahawia watu wataiona toka Katindo.

Kuko pia dantie ya kutoa na kuweka, bei yake ndiyo ya chini, unaitoa usiku. Na kuko implanti, vis (skrubu) ya titani ndani ya mfupa wa taya, majirani hayaguswi hata kidogo, lakini ni pesa mingi na miezi ya kungoja, na kama uko na sukari isiyotulia ao unavuta sigara inaweza kukataa.

Bwana yako ana haki nusu. Pengo ya mbele haiue. Ya nyuma ndiyo inasumbua zaidi, majirani yanalala na ile ya juu inashuka kutafuta mwenzake. Lakini mdomo ni wako, na ni wewe unaficha kicheko.

Yoyote utakayochagua, chini ya jino ya uongo lazima upitishe uzi ao brosi ndogo kila siku, samaki ndogo za sambaza zinapenda kujificha pale. Kutafuna muwa na kufungua soda na meno, uache. Na kabla hujalipa kitu, waombe picha ya radio (eksirei) ya yale meno ya pembeni, na bei yote iandikwe ku karatasi, ya muda na ya mwisho pamoja.