Soma masharti ya jarida kabla hujabandua gome

Barua ya mhariri ilinikuta Ngamiani, Tanga, barazani kwa shangazi, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Mswada wangu kuhusu magome ya mjafari kama dawa ya malaria ulikuwa na siku nne tu tangu niutume kwa jarida, nikadhani wameupenda. Kumbe haukufika hata kwa wahakiki, wale wataalamu wanaokagua makala kabla haijachapishwa. Mhariri aliuliza jambo moja: sampuli ya mti huu imehifadhiwa hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) gani, na namba yake ni ipi?

Sikuwa nayo. Magome ya mjafari nilipewa na babu mmoja wa Muheza anayetibu homa, nikayatia kwenye rambo, nikapanda daladala. Kwenye makala nikaandika Zanthoxylum chalybeum bila wasiwasi, maana ndilo jina linalokaa vitabuni kando ya mjafari. Lakini mti huo una ndugu zake huku kwetu: Zanthoxylum holtzianum uko pwani, Zanthoxylum deremense uko misitu ya Usambara Mashariki. Ukishika gome kavu peke yake, bila jani wala tunda, utaapaje kuwa ni huyu na si yule? Nikarudi Muheza. Babu akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, mti ule ulishakuwa mkaa."

Miezi minane ya maabara ikawa ya mti usiojulikana.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandikia jarida la famakolojia, yaani sayansi ya dawa, anza na ukurasa wao wa maelekezo kwa waandishi, kabla hujaenda porini. Kama unafanyia kazi mimea, kata tawi lenye majani na maua au matunda, likaushe, ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hebaria. Kama utahoji waganga au kugusa wagonjwa, kibali cha maadili kiombwe mapema. Hakirudishwi nyuma tarehe.

Halafu dozi. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, na mimi nilianguka. Nilitamba kwamba dawa yangu imeua vimelea vya malaria kwenye chupa, ila nilitumia mikrogramu 500 kwa kila mililita. Kwa kiwango hicho vitu vingi huua, na mwili wa mtu hauwezi kufikisha kiasi hicho kwenye damu kirahisi. Mhakiki atataka kuona viwango kadhaa kuanzia kidogo, dawa inayojulikana ya kulinganishia kama klorokwini, na kipimo cha kuonyesha kuwa hukuua seli za binadamu pamoja na vimelea. Jarida la Uingereza la famakolojia, British Journal of Pharmacology, linataka kila kundi liwe na angalau sampuli 5 zinazojitegemea ndipo ufanye hesabu za takwimu. Kupima chupa ileile mara tano hakuhesabiki. Mimi nilikuwa na tatu.

Aibu yenyewe sijaimaliza. Baada ya kukataliwa nilipata barua pepe tamu, "Mheshimiwa Profesa", ya jarida nisilolijua, ikiahidi kuchapisha ndani ya wiki. Mimi na uprofesa wapi na wapi! Nikalipa. Makala ikatoka bila swali hata moja, jina langu limekosewa, na mwaka uliofuata tovuti haikufunguka tena. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, akautuma kwa majarida 304, na 157 yakaukubali. Nikajua siko peke yangu, ingawa hela haikurudi. Siku hizi natazama kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, kisha nasoma makala zake mbili tatu. Za kulipia naziomba kwa mkutubi, maana taasisi nyingi za nchi kama yetu huzipata kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya bure au kwa bei nafuu.

Safari iliyofuata ya Muheza nilibeba rundo la magazeti ya zamani ya kukaushia matawi. Babu akauliza kama nimeanza kuuza vitumbua.